Malengelenge na Michubuko ya Kisigino kwa Wanaopanda Kilimanjaro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaojiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, wakiwamo wale wanaopanda na vikundi vya kazini au vya vyuo kuelekea sikukuu ya Uhuru kila Desemba. Wengi wao hawajawahi kutembea siku tano au sita mfululizo wakiwa ndani ya mabuti mazito, na wanapojiandaa hufikiria zaidi baridi na upungufu wa hewa. Hayo ni mambo ya kuyafikiria kweli, lakini kisigino kilichochunika siku ya kwanza kinaweza kumtesa mtu hadi siku ya mwisho, nacho, tofauti na hali ya hewa, kinaweza kuzuiwa karibu kila mara.

Lengelenge hutokeaje hasa, na kwa nini mara nyingi huanzia kisiginoni?

Watu wengi huamini kwamba kiatu huikwangua ngozi mpaka ikachoka. Mkwaruzo wa namna hiyo upo, nao huleta mchubuko, yaani ngozi ya juu kutoka na kuacha nyama mbichi. Lengelenge ni jambo jingine. Weka ncha ya kidole kimoja juu ya mgongo wa mkono wako, ukibonyeze, kisha ukisogeze huku na huku bila kukiacha kiteleze. Utaona kwamba kidole na ngozi vinakwenda pamoja, huku mifupa iliyo chini ikibaki mahali pake. Ndani ya buti hali ni hiyo hiyo kwa kinyume: soksi imeng'ang'ania kiatu, ngozi imeng'ang'ania soksi, na mfupa wa kisigino ndio unaopanda na kushuka kila unapoinua mguu. Matabaka ya ngozi yaliyo katikati huvutwa pande mbili hatua baada ya hatua, hadi yanapoachana ndani kwa ndani, na nafasi iliyobaki hujaa majimaji katika muda wa saa chache.

Ndiyo maana lengelenge huota mahali penye ngozi nene, kama vile kisiginoni, kwenye unyayo na kwenye kiganja cha mkulima aliyerudia jembe baada ya muda mrefu: ngozi nene hushikilia juu na kupasuka chini, ilhali ngozi laini huchubuka tu. Kisigino kina tatizo lake la ziada. Soli ya buti la mlimani ni ngumu na haipindi kirahisi kama ya raba, kwa hiyo unapopanda mteremko mkali, soli hubaki imenyooka na kisigino hutaka kuchomoka. Kikipanda hata milimita chache tu, katika maelfu ya hatua za kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, safari ya kilomita zipatazo 8 inayoanzia karibu mita 1,870 na kuishia mita 2,720, ngozi itakuwa imevutwa vya kutosha.

Kwa hiyo mambo yanayohitajika ili lengelenge litokee ni manne: mfupa unaosogea, shinikizo, ngozi yenye unyevu inayong'ang'ania soksi, na marudio. Hatua hatuwezi kuzipunguza, kwa sababu mlima haufupishwi. Matatu yaliyobaki yako mikononi mwetu, na majibu yote yanayofuata yanahusu namna ya kuyapunguza.

Nichague buti la ukubwa gani?

Nenda kununua alasiri au jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na mlimani huvimba zaidi kutokana na mwendo na mwinuko. Nenda na soksi zile zile utakazopandia. Vaa buti bila kufunga kamba, usukume mguu mbele hadi vidole viguse ncha, kisha jaribu kuingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia kwa kubana kidogo, urefu unatosha. Kikiwa hakiingii, utaumia vidole wakati wa kushuka. Na kama vidole viwili vinaingia bila shida, utaumia kisigino wakati wa kupanda.

Urefu peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mtu aliyekua akitembea pekupeku au kwa ndala mara nyingi huwa na mguu uliopanuka mbele na kisigino chembamba. Mabuti mengi yanayoletwa kwetu yametengenezwa kwa mguu mwembamba zaidi mbele, kwa hiyo mtu huyo hupanda namba moja au mbili ili vidole vipate nafasi, na kwa kufanya hivyo hukipa kisigino uwanja wa kucheza. Ni afadhali kutafuta buti pana la namba yako kuliko buti refu la namba isiyo yako. Likikosekana, basi chukua lile refu lakini ujaze nafasi kwa soli ya ndani iliyo nene zaidi, na ujifunze kufunga kamba kwa namna itakayoelezwa hapo chini.

Mara buti likishafungwa, tafuta ngazi au mteremko. Panda, ukisikiliza kisigino. Shuka, ukisikiliza vidole. Muuzaji atakayekukataza kufanya hivyo hastahili fedha yako.

Je, mabuti ya mtumba yanafaa?

Yanafaa, na kwa Watanzania na Wakenya wengi hayo ndiyo mabuti yanayopatikana kwa bei inayowezekana, iwe ni katika soko la Memorial mjini Moshi, Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi. Buti la mtumba lililotengenezwa vizuri linaweza kuwa bora kuliko jipya la bei nafuu ambalo gundi yake haijulikani. Lakini lina mambo matatu ya kuchunguzwa kabla hujalipa.

La kwanza ni soli. Mabuti mengi yana tabaka laini la poliyurethani, aina ya plastiki, kati ya soli ya chini na ngozi ya juu, na tabaka hilo huharibika lenyewe kwa unyevu wa hewa baada ya miaka mingi, hata kama buti halijavaliwa. Kwa macho buti huonekana zima kabisa, kisha siku ya pili mlimani soli inabomoka kama mkate mkavu. Likunje buti kwa nguvu, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha, na utazame kama kuna nyufa ndogo ndogo au unga unaodondoka. Ukiona dalili yoyote, liache hata kama ni la bei ya bure.

La pili ni umbo la mguu wa mwenye kiatu wa zamani. Ngozi ya ndani na soli ya ndani hushika umbo la aliyelivaa, na wewe hutavaa mguu wake. Soli ya ndani ibadilishwe. Hilo ni jambo rahisi na la gharama ndogo. Kwa upande wa kisigino, ingiza mkono wako ndani na upapase kitambaa cha nyuma kwa ncha za vidole. Kama kimetoboka na sehemu ngumu iliyo chini yake inaonekana, au kama kuna mshono ulioinuka, hapo ndipo utakapochubuka. Fundi viatu mzuri anaweza kushona kipande cha ngozi laini juu ya tundu hilo, lakini mwambie akiingize kipande chote hadi chini ya soli ya ndani, ili ukingo wake usiishie mahali ambapo kisigino kinasugua.

La tatu ni ugumu wa ngozi iliyokaa bila mafuta. Buti lililokauka linaweza kulainishwa kwa mafuta ya viatu vya ngozi, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Usiliweke juani wala karibu na moto ili lilainike haraka, maana joto hukausha ngozi zaidi na kulegeza gundi.

Je, naweza kukodi mabuti Moshi siku moja kabla ya kupanda?

Unaweza, na maduka ya kukodisha yapo. Mimi nakushauri ukodi koti, begi la kulalia na fimbo za kutembelea, lakini mabuti uje nayo. Kama huna njia nyingine, kodi mapema iwezekanavyo, uyavae mjini jioni nzima, na urudi kubadilisha kabla duka halijafungwa.

Buti jipya lizoeshwe kwa muda gani?

Kwa buti la ngozi, hesabu wiki nne hadi sita. Kwa buti la kitambaa chepesi, wiki mbili zinaweza kutosha. Anza nyumbani kwa saa moja au mbili, halafu safari za dukani na sokoni, halafu matembezi ya kilomita 5, halafu 10, na mwishowe matembezi mawili ya siku nzima ukiwa umebeba begi utakalobeba mlimani, kwa sababu uzito hubadilisha namna mguu unavyokaa ndani ya kiatu. Tembea milimani au kwenye vilima kama unaishi karibu navyo. Aliye Dar es Salaam na asiye na kilima apande ngazi za jengo refu, kwani barabara tambarare haitamwonyesha kile ambacho mteremko utamwonyesha.

Mazoezi hayo yana faida mbili. Buti hulainika, hilo linajulikana. Linalosahaulika ni kwamba ngozi nayo hujengeka: ikivutwa kidogo kidogo na kupewa siku za kupumzika, huongezeka unene na kustahimili zaidi. Ndiyo sababu mtu mwenye mabuti yaliyokwisha kuzoea, lakini ambaye hajayavaa kwa mwaka mzima, bado anaweza kupata malengelenge.

Zipo njia za mkato zinazosimuliwa, kama kulowesha buti kwa maji na kutembea nalo hadi likauke mguuni, au kuligonga nyuma kwa nyundo. Ya kwanza naikataa, kwa sababu huharibu ngozi ya kiatu na ya mwenye kiatu pia. Ya pili ina ukweli ndani yake iwapo atakayeifanya ni fundi na kuna sehemu moja ngumu inayojulikana, kwa mfano uvimbe wa mfupa nyuma ya kisigino. Fundi anaweza kulipanua buti mahali hapo tu.

Ni soksi zipi zinazofaa, na je, nivae jozi mbili?

Soksi za pamba pekee ziache nyumbani. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na ngozi yenye unyevu hung'ang'ania soksi zaidi kuliko ngozi kavu. Tafuta soksi za sufu laini au za nyuzi za viwandani kama poliesta, zisizo na mshono mnene kwenye vidole, zinazofika juu ya mdomo wa buti.

Jozi mbili zinasaidia kwa sharti moja, yaani ya ndani iwe nyembamba, ya nyuzi zinazoteleza na inayobana mguu, na ya nje iwe nene. Hapo msuguano huhamia kati ya soksi na soksi badala ya kati ya soksi na ngozi. Jambo hili lilipimwa kwa kuruta wa jeshi la wanamaji la Marekani katika miaka ya 1990: waliovaa soksi nyembamba ya poliesta ndani ya soksi nene ya sufu na polipropilini walipata malengelenge kiasi cha asilimia 40, huku waliovaa soksi za kawaida za jeshi wakifikia asilimia 69. La kuzingatia ni kwamba wale waliovaa soksi nyembamba ndani ya soksi za kawaida za jeshi hawakupata nafuu. Kwa hiyo kuvaa soksi mbili za aina yoyote ile, kama wengi wafanyavyo, hakuna maana, na kunaweza kubana mguu.

Beba jozi za kutosha ili kila siku uanze na soksi kavu, na tenga jozi moja ya kulalia ambayo haitagusa buti kamwe.

Kamba zifungweje ili kisigino kisichomoke?

Hili ndilo jambo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko yote, na linanisikitisha kwamba wengi hufundishwa wakiwa tayari wamechunika. Kabla ya kufunga, ingiza mguu, kisha gonga kisigino chini mara mbili au tatu ili kikae nyuma kabisa. Kaza kamba kuanzia chini, ukizivuta jozi kwa jozi. Ile desturi ya kuvuta ncha za juu tu huacha mguu wa chini ukiwa mlegevu.

Ukifika mahali mguu unapopindia, yaani pale unyayo unapokutana na muundi, pitisha kamba moja juu ya nyingine mara mbili au tatu badala ya mara moja, kisha ukaze. Msokoto huo hujishika wenyewe na kuzuia mkazo wa chini usihamie juu. Ukaze hapo vya kutosha kiasi kwamba kisigino hakiinuki, halafu uendelee na ndoano za juu kwa mkazo wa wastani. Sehemu ya vidole iwe na nafasi, sehemu ya kupindia mguu iwe imekaza, na sehemu ya juu imruhusu mtu kuinamisha muundi mbele bila maumivu.

Kama buti lina matundu mawili ya ziada juu, rudisha kila kamba ndani ya tundu la upande wake ili itengeneze kitanzi kidogo, kisha upitishe kamba ya kulia katika kitanzi cha kushoto na ya kushoto katika kitanzi cha kulia, na uvute. Kisigino kitavutwa nyuma na kukaa huko.

Kamba hazifungwi mara moja kwa siku. Zikague dakika kumi na tano baada ya kuanza, kwa kuwa buti huwa limeshapata joto na kulegea, na zifunge upya kabla ya kila mteremko mrefu.

Je, nipake mafuta ya mgando, poda au dawa ya kuzuia jasho?

Mafuta ya mgando huteleza mwanzoni na kupunguza msuguano, lakini baada ya saa moja au zaidi nguvu hiyo hupungua, na ngozi iliyolainishwa sana inaweza hata kung'ang'ania zaidi. Kwa mbio za saa mbili yanafaa. Kwa siku ya saa saba mlimani, yanafaa tu kati ya vidole vinavyosuguana, na inabidi yarudiwe. Zaidi ya hayo, yanazuia plasta kushika. Poda hukausha kwa muda, kisha hulowa na kuwa vibonge.

Kuhusu dawa za kuzuia jasho, ulifanyika utafiti kwa makadeti wa chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ambapo walitembea kilomita 21. Waliotumia dawa yenye alumini kloraidi kwa siku kadhaa kabla walipata malengelenge asilimia 21, na wasioitumia asilimia 48. Lakini zaidi ya nusu ya walioitumia waliwashwa na ngozi. Anayetaka kuijaribu ajaribu wiki nyingi kabla ya safari.

Plasta ya kuzuia ibandikwe wapi na vipi?

Ibandikwe asubuhi, kabla ya kutembea, mahali ambapo mazoezi yamekuonyesha kwamba panaumia. Plasta nyembamba ya karatasi, ile ambayo wauguzi hutumia kushikilia bandeji na ambayo hupatikana katika maduka ya dawa, ni nafuu na hufanya kazi: katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2016 kwa wakimbiaji 128 wa mbio za siku nyingi, ilipunguza malengelenge kwa takriban asilimia 40. Udhaifu wake ni kwamba haistahimili maji. Katika ukanda wa msitu, ambako mvua ni jambo la kawaida, plasta ya kitambaa yenye gundi imara hukaa muda mrefu zaidi.

Safisha kisigino kwa spiriti, kiache kikauke kabisa. Kata kipande kikubwa kuliko sehemu inayouma, uziviringe pembe zake kwa mkasi ili zisiinuke, kisha uibandike bila kunjo hata moja, kwani kunjo dogo ni kama jiwe. Ishikilie kwa kiganja kwa dakika moja ili gundi ipate joto. Jioni itoe polepole kuelekea chini, usije ukang'oa ngozi uliyotaka kuilinda.

Nimeanza kuhisi joto kisiginoni, lakini kikundi kinaendelea kutembea. Nifanye nini?

Simama. Jibu hili ni fupi kwa makusudi, na kama msomaji ataondoka na neno moja tu kutoka katika ukurasa huu, ningependa liwe hilo.

Joto hilo ndiyo onyo la mwisho kabla matabaka ya ngozi hayajaachana. Katika hatua hiyo ngozi ni nyekundu tu, na dakika tano zinatosha: vua buti na soksi, kausha mguu, toa changarawe kama ipo, bandika plasta, nyoosha soksi, funga kamba upya. Nusu saa baadaye, dakika tano hizo hazitafaa kitu. Najua kinachowazuia watu. Wapo wanaoona haya kuwachelewesha wenzao, hasa anapokuwapo bosi wa kazini au mtu mzima kuliko wao. Wapo wanaosema watavumilia hadi wakati wa chakula. Na wapo wanaoogopa kumsumbua mwongozaji. Mwongozaji mwenye uzoefu hasumbuliwi na jambo hilo. Yeye mwenyewe huhimiza mwendo wa pole pole tangu langoni, na anapendelea kusimama dakika tano kwenye msitu wa Marangu kuliko kumshusha mtu kutoka Horombo, kambi iliyo juu ya Mandara, kwa sababu hawezi kuvaa kiatu. Mwambie, "Kaka, kisigino kinaniwaka, naomba tusimame," naye atasimama.

Kwa viongozi wa vikundi ninaongeza ombi: ulizeni. Wekeni kituo saa moja baada ya kuanza, siku ya kwanza, na mwambieni kila mtu avue buti na atazame miguu yake. Watu wakiwa wameambiwa wote, hakuna anayeona haya.

Lengelenge limeshatokea. Nilitoboe au niliache?

Kama ni dogo, halijapasuka na halikuzuii kutembea, liache. Ngozi iliyo juu yake ndiyo bandeji safi kuliko zote. Kata kipande cha sponji au cha pamba iliyoshindiliwa kwa umbo la pete, ukizungushie lengelenge ili shinikizo liende pembeni, kisha ufunike kwa plasta.

Kama ni kubwa, limejaa, linauma, na bado una siku za kutembea, litajipasua lenyewe ndani ya buti chafu, na hapo ni afadhali ulitoboe kwa usafi. Nawa mikono kwa sabuni, safisha lengelenge na ngozi ya pembeni kwa dawa ya kuua vijidudu, na utumie sindano mpya iliyofungwa kwenye pakiti kutoka duka la dawa. Usitegemee kuchemsha sindano kambini: huko Horombo, kwenye mita 3,720, maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 90. Toboa matundu mawili au matatu madogo pembeni, upande wa chini, ukamue taratibu kwa shashi safi, na uiache ngozi ya juu mahali pake. Paka dawa, funika kwa bandeji isiyogandamana na kidonda, kisha plasta juu. Linaweza kujaa tena usiku huo. Lirudie kwa usafi ule ule. Lengelenge lenye damu usiliguse.

Likiwa limeshapasuka, lisafishe kwa maji safi na sabuni, ulaze ngozi iliyobaki juu ya kidonda, ukate tu kile kinachoning'inia na chenye uchafu, kisha ulifunike.

Usaha, wekundu unaopanuka, michirizi myekundu inayopanda mguuni, uvimbe wenye joto au homa ni dalili za maambukizi. Hapo safari ya kupanda imekwisha. Mwambie mwongozaji na ushuke kwenda hospitali.

Kwa nini vidole na kucha huumia zaidi siku ya kilele?

Kwa sababu ya kushuka. Anayepitia njia ya Marangu huondoka Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, karibu na saa sita usiku, hufika kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895, kisha siku hiyo hiyo hurudi hadi Horombo, yaani mteremko wa zaidi ya mita 2,100. Anayepitia njia ya Machame hushuka hata zaidi, kutoka kileleni hadi kambi ya Mweka. Katika mteremko huo, mguu hutelezea mbele na vidole kugonga ncha ya kiatu mara maelfu, na kucha hugeuka nyeusi. Kata kucha siku kadhaa kabla ya kupanda, zinyooke na zisiwe ndefu. Kileleni, au mara tu unapofika mahali salama pasipo na upepo, kaza kamba upya pale mguu unapopindia. Mchanga na changarawe za huko juu huingia kiatuni, kwa hiyo vaa kinga za kitambaa zinazofunika mdomo wa buti.

Tahadhari moja inahusu baridi. Usiku wa kilele watu hurundika soksi tatu hadi buti likabana. Mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha, na huganda haraka kuliko mguu wenye soksi moja nzuri na nafasi ya kuchezesha vidole.

Mabuti yakilowa, niyakausheje kambini?

Toa soli za ndani, panua ulimi wa buti, jaza magazeti na uyabadilishe yanapolowa. Usiku yaweke ndani ya hema. Mbali na moto, daima.

Nina kisukari. Je, ushauri huu unanihusu?

Unakuhusu nusu tu. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kufisha hisia za miguu, na asiyehisi joto kisiginoni hapati lile onyo ambalo ushauri wote huu unalitegemea. Onana na daktari miguu yako ichunguzwe kabla hujalipia safari, usitoboe lengelenge lolote mwenyewe, na ukiruhusiwa kupanda, itazame miguu kwa macho kila kituo, si kila jioni.

Wapagazi hutembea njia hiyo hiyo na mizigo, wengine kwa viatu vilivyochakaa. Je, wao hawapati malengelenge?

Wanapata. Wagumu, kama wanavyoitwa Moshi, wana ngozi iliyojengeka kwa safari nyingi, lakini mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20 huongeza shinikizo mguuni, na kiatu cha kuazima kisicho na soli ya ndani humchuna mtu yeyote. Tofauti ni kwamba wengi wao hawasemi, kwa kuwa anayechechemea anaogopa kukosa safari ijayo. Ukiwa na plasta za kutosha, mpe mwongozaji azigawe jioni pamoja na soksi kavu, na umwombe aulize mmoja mmoja faraghani. Na kama unakusudia kuacha mabuti yako baada ya kushuka, kama wengi wafanyavyo, yaoshe, yakaushe, kagua soli kwa ukucha kama ulivyofanya sokoni, ununue kamba mpya, uulize namba ya mguu wa unayempa, na uyakabidhi mkononi mwake yeye mwenyewe.